Kifaranga Akinyamaza Ndani ya Ganda

Juzi tu, sijamaliza hata kufagia uwanja, simu yangu ikaita. Kijana mmoja wa Masasi mjini amenunua mashine ya kutotolesha mayai, ile ya plastiki inayogeuza mayai yenyewe na kupiga kelele joto likizidi. "Shikamoo bibi," akasema, na marahaba yangu hakuisubiri. "Bibi, ametoboa tangu asubuhi, naona mdomo tu, hatoki, analia. Nimbandue ganda?" Nikamwambia, toa mkono wako hapo. Nikamuuliza, mfuniko umeshafungua? Akasema, kidogo tu, bibi. Kidogo tu! Jamani, hiyo "kidogo tu" imeniulia vifaranga wengi kuliko mwewe.

Basi nimeona niwaandikie wote kwa pamoja ninyi mnaoanza kazi hii, maana mnanipigia mmoja mmoja, swali lile lile, na sauti ile ile ya mtu anayetetemeka. Mimi ni Mama Neema. Nimetotolesha vifaranga tangu nikiwa msichana mpaka miguu ilipokataa kusimama, miaka mingi Masasi mjini na msimu mmoja kule juu Newala, na sasa nimepumzika Nanganga na kuku wangu wachache wanaoatamia wenyewe bila kuniuliza kitu. Kama mlitegemea nitawaambia msiogope, mmebisha hodi nyumba siyo. Mimi nimeogopa siku zote. Mayai yakiingia wiki ya tatu nilikuwa sili. Marehemu mume wangu akiona ugali umebaki sahanini alikuwa anasema, "Haya, wanataka kutoka hao," kisha anaumalizia yeye.

Sikuwahi kuizoea hofu hiyo. Nilichojifunza ni kuogopa kitu kinachostahili, kwa wakati wake.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Bakari, seremala aliyeacha kutengeneza vitanda akahamia kwenye vifaranga. Mashine yake alikuwa ameichonga mwenyewe, kabati la mbao lenye taa za mafuta chini, na kila asubuhi alitoka mle chumbani pua nyeusi kwa masizi. Kipimajoto alikuwa nacho lakini hakukiamini. Alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akatulia hivi, kisha akasema "limepoa" au "limezidi." Shavu linadanganya, alisema, kiganja nacho umetoka kushika randa, kope ndilo halijui uongo. Nilimcheka moyoni, mpaka siku kipimajoto kilipoharibika tukafanya kazi mwezi mzima kwa kope zetu, na vifaranga wakatoka kama kawaida. Ninyi mnaotegemea namba za kwenye kioo cha mashine, jifunzeni na hiyo, maana umeme ukikatika zile namba nazo zinakatika.

Siku za kutotoa Mzee Bakari alituweka kwenye benchi mbele ya kabati na kutuamuru, "Kalieni mikono yenu." Si utani. Tulikalia mikono kweli, mimi na msichana mwenzangu mmoja, mpaka vidole vikafa ganzi. Yule mwenzangu alikuwa na huruma iliyopitiliza. Siku moja mzee ameenda kuswali, mwenzangu akachomoa mkono, akafungua kabati, akachukua yai lililotoboka akaanza kulibandua kama mtu anayemenya yai la kuchemsha. Nilimwona akisimama ghafla. Uzi mwembamba wa damu ulikuwa unashuka kwenye kidole chake. Kifaranga alitoka, ndiyo, lakini kiini cha njano kilikuwa bado kinaning'inia tumboni, hakijaingia ndani, na alikufa pale pale kwenye kiganja chake huku bado anachezesha mdomo. Mpaka leo nikiona wekundu ndani ya yai, mate yananikauka.

Mzee aliporudi hakugomba. Alikaa chini, akachukua lile ganda akatuonyesha utando wake wa ndani, ule mweupe mwembamba, na mishipa iliyotapakaa juu yake. Akasema, mtoto huyu kabla hajatoka ana kazi mbili. Moja, kuivuta damu yote iliyoko kwenye utando huu irudi mwilini mwake. Ya pili, kukinywa kiini chote kipitie kitovuni kiingie tumboni, kiwe chakula chake cha siku za mwanzo. Akishatoboa tundu la kwanza anakaa kimya muda mrefu, nyie mnadhani kashindwa, kumbe yuko kazini. Ukimtoa kabla hajamaliza, umemchinja.

Mwenzangu aliacha kazi wiki ile ile. Alienda kuuza vitenge sokoni, na kwa kweli alifanikiwa kuliko mimi.

Sasa msije mkasema Mama Neema kakataza kusaidia. La hasha. Hofu ya pili inaanzia hapo, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kuna kifaranga aliyemaliza kazi zake zote mbili, yuko tayari, lakini utando umemkaukia mwilini ukamshika kama gundi, hawezi kujigeuza akalikata ganda. Huyo usipomsaidia anakufa akiwa mzima. Ukiwatazama kwa nje wote wawili wanafanana: tundu dogo, mdomo, kimya. Mmoja ukimgusa unamuua, mwingine usipomgusa unamuua. Ndiyo maana nilikuwa sili.

Msiniulize baada ya saa ngapi. Kila mtu anataka nimpe saa. Tazama kifaranga mwenyewe. Loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, gusa ule utando kwenye tundu, ukilowa unakuwa kama kioo na utaona ndani. Ukiona mishipa myekundu, rudisha yai, funga, ondoka, nenda kachambue mboga. Tazama na mdomo. Akiwa anaufungua na kuufunga taratibu kama anatafuna kitu, bado anakula kiini. Mishipa ikiwa imetoweka, utando umekuwa mweupe au umeanza rangi ya chai, na kutafuna kumekoma, hapo sasa msaidie, na umsaidie kidogo: unavunja ganda upande wa kitako cha yai, kule kwenye nafasi ya hewa, kipande kwa kipande, miguu ajitolee mwenyewe. Ukiona tone la damu, simama hapo hapo.

Na kabla ya yote hayo, jiulize kwa nini umefika hapo. Mara nyingi kosa lilitendeka siku nyingi nyuma. Baba mmoja wa hapa hapa Nanganga aliniletea mayai ya kanga kwa bodaboda, ameyafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuyaning'iniza kwenye usukani, na yule dereva alikuwa na abiria mwingine anayewahi basi. Yalipofika Masasi niliyatikisa moja moja sikioni, yanacheza cha-cha-cha. Nikamwambia, baba, hapa kaanga na kitunguu. Alikasirika sana. Baada ya wiki nne alirudi kuuliza kama nilikuwa nimeyaweka mashineni kwa siri.

Lakini hofu kubwa kuliko zote sikuipata Masasi. Niliipata Newala.

Kikundi cha akina mama cha kule kilikuwa kimenunua mashine ya umeme, ya bati, yenye mlango wa kioo, na wakaniomba nipande niwasimamie kwa msimu mmoja. Mashine iliwekwa kwenye chumba cha pembeni nyumbani kwa Mama Zuhura, na mimi nikapewa kitanda chumba cha pili. Mama Zuhura alikuwa mjane wa makamo, mrefu, msafi kupita kiasi, mwenye kauli za mkato. Ukimwambia pole na kazi anakujibu, "Kazi haijaniumiza." Tulipatana upesi.

Ufahamu wangu wa kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, ulikuwa wa kawaida tu, mpaka nilipoishi kwake. Kwao kishingo alikuwa sehemu ya ukoo. Bibi yake alipanda nao kutoka bondeni Ruvuma, na tangu hapo kila binti wa nyumba ile akiolewa alitoka na tetea mmoja wa kishingo chini ya kwapa, aanzie naye uani kwake. Mama yake alitoka naye. Yeye na dada zake walitoka nao. Na Zuhura, binti yake wa mwisho, alikuwa ameshaposwa, ndoa imepangwa korosho zikishauzwa.

Kisha kideri kikaingia Newala. Mnaokijua hamhitaji kuelezwa. Kuku anapinda shingo, anazunguka pale pale, anaanguka. Chanjo ilikuwa imechelewa mwaka ule, na uani kwa Mama Zuhura hakubaki hata mmoja. Dada zake wakapigiwa simu mmoja mmoja, na kila mmoja jibu lilikuwa hilo hilo. Waliisha. Kilichobaki cha mbegu ile ni mayai ya kwenye kapu moja jikoni, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujafika, la sivyo nisingekubali yaingie mashineni. Hata hayo hayakuwa ya uhakika, maana jogoo wake alikuwa ameshachinjwa sikukuu, na matetea walikuwa wakipandwa na jogoo wa jirani, mwenye manyoya mpaka kidevuni. Baadhi ya watoto wangetoka na shingo ya mama, baadhi na ya baba. Mmoja tu mwenye shingo tupu angetosha kuanzia, awe jogoo awe tetea, kwa sababu shingo ile hairithiwi kwa uchoyo, mzazi mmoja tu akiwa nayo baadhi ya watoto wanaipata. Lakini awepo huyo mmoja.

"Nikimtoa Zuhura mikono mitupu," aliniambia siku tunayapanga mayai, "mama yangu atanidai huko aliko." Alisema akicheka. Sikuona kichekesho.

Wiki ya tatu inakaribia, nikaitwa Masasi kwenye msiba wa shemeji. Nikamwachia maagizo, na mnisikilize hapa. Usigeuze mayai tena. Usifungue mlango. Trei ya maji iliyoko chini ijaze kila asubuhi kupitia kile kidirisha kidogo, na siku hizi za mwisho zidisha. Akanijibu, "Nimesikia." Nikashuka na basi, na msibani sikutulia.

Niliporudi ilikuwa asubuhi ya siku yenyewe. Upepo mkavu wa kiangazi, unaujua ule wa juu mlimani, unakupasua midomo, na harufu ya salfa wanayopulizia mikorosho kila mahali. Mama Zuhura alinipokea mlangoni anang'aa. "Karibu, Mama Neema, wanalia, wametoboa karibu wote!" Nikatupa mkoba nikaingia. Vilio nikavisikia kweli. Nikainama kwenye kioo.

Kioo kilikuwa kikavu. Safi, kinaonyesha kila kitu. Siku ya kutotoa kioo lazima kitokwe na jasho, maji yatiririke, usione ndani vizuri. Mimi niliona mpaka nyufa za maganda.

"Mama Zuhura, maji uliweka?"

"Niliweka."

"Trei nzima?"

Akanyoosha mgongo. "Kikombe kila asubuhi. Nimebana, Mama Neema. Kisima kimebaki tope, mwenye toroli la maji haonekani, ndoo yenyewe ndiyo hiyo moja. Sasa maji ya kunywa watu niyamwage kwenye bati? Kuku anayeatamia kichakani ana kisima?"

Nilitaka kupiga kelele. Ningemlaumu vipi? Yule ni mtu wa Newala. Alizaliwa kabla ya mabomba, amepanda mlima na mtungi kichwani kutoka bondeni tangu ana miaka ya kubebwa, maji ya kunawia uso yalitumika kuoshea miguu na ya miguu yakamwagiwa mchicha. Mtu wa namna hiyo ukimwambia jaza maji kwenye trei yakauke yenyewe hewani, mkono wake unagoma bila yeye kuuambia. Wa Masasi angejaza trei akaendelea na shughuli zake. Kosa lile lilikuwa la mtu aliyelelewa vizuri.

Nikamweleza taratibu kwamba kuku anayeatamia anakaa ardhini, anatoka asubuhi kwenye umande, anarudi na kifua kibichi. Akanisikiliza. Nikaona rangi inamtoka usoni kadiri alivyoelewa.

Watatu walikuwa wameshatoka, wamelala chali wanapumua. Wote watatu wana manyoya shingoni. Waliobaki walikuwa na matundu, na kila tundu limezungukwa na utando uliokauka mweupe kama karatasi. Na wakati tumeinama pale, vilio vikaanza kupungua. Kimoja kikakoma. Nyie, kelele za kifaranga hazitishi. Kinachotisha ni akinyamaza.

"Tuwatoe," akasema Mama Zuhura. Mkono wake ulishafika kwenye kitasa.

Nikamshika kiwiko. Nilimshika kwa nguvu, alama za vidole zilibaki. Nikamwambia tukifungua sasa, katika upepo huu, unyevu mdogo uliobaki unatoka wote, na yule utakayemsaidia wewe anawaua wenzake wote waliobaki. Na huyo mwenyewe hujui kama damu imerudi mwilini.

"Kwa hiyo tukae tu tuwaangalie?"

"Sijui."

"Hujui! Si wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mimi, na naogopa."

Akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Lile yai la pembeni, lililokuwa likitikisika, likawa halitikisiki tena. Tuliliona wote wawili. "Huyo umemuua wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Kwa kuogopa kwako." Inawezekana alikuwa anasema kweli, mpaka leo sijui.

Nikakaa sakafuni. Hapo chini nikausikia upepo unapita chini ya mlango, unanipuliza kwenye vifundo vya miguu, nikatambua ubaya hauko mashineni tu. Chumba kizima kilikuwa kikavu. Chumba kikilowa, sakafu na kuta na hewa yote, tungeweza kufungua mashine bila kuwaua. Lakini ndoo ilikuwa ile moja, imefunikwa na sahani pale kwenye kona ya ukumbi, maji ya kunywa na kupikia mpaka mwenye toroli atakapopenda kutokea. Nikaitazama. Nikashindwa kusema. Naapa nilishindwa, utamwambiaje mtu wa pale amwage maji ya kunywa sakafuni?

Yeye alifuata macho yangu. Akaenda, akaondoa sahani, akaibeba ile ndoo mpaka katikati ya chumba. Akasimama nayo. "Nilipigwa fimbo nikiwa mdogo," akasema, "kwa kumwaga kata moja ya maji njiani. Kata moja, Mama Neema." Kisha akaiinamisha.

Maji yalitambaa kwenye saruji yakaingia kila ufa. Alilia kwa sauti kama aliyefiwa. Akavua kanga ya juu akailowesha humo humo sakafuni, akaitundika mlangoni, nyingine akaziba chini ya mlango, shuka akalipachika dirishani. Yaliyobaki tukayapasha moto kwenye jiko tukajaza trei, na kikombe kimoja tukakiweka pembeni kwa ajili ya kitambaa. Ndoo ikawa tupu. Kisha tukakaa kwenye ule ubichi, tumebanana ukutani, tunasubiri.

Kioo kikaanza ukungu pembeni. Polepole, mpaka nikadhani najidanganya. Kikafunga chote, tone la kwanza likateremka, na Mama Zuhura akanishika goti. Ndani humo mmoja akalia. Mwingine akajibu. Tukasikia ganda linapasuka, tukasikia mtu anajigaragaza. Hatukufungua, tuliangalia vivuli tu kwenye ukungu. Alasiri inaingia walikuwa wametoka kadhaa, wachovu, wamelowa, lakini hai.

Nikasubiri wakauke kidogo, nikafungua, nikawahamishia kwenye boksi lenye taa. Mama Zuhura akawapokea mmoja mmoja na kuwapapasa shingo kwa kidole gumba. Manyoya. Manyoya. Manyoya. Kila mmoja akimweka boksini bega lake lilishuka kidogo. Wengine walikuwa wamekufia ndani, mdomo ukiwa kwenye tundu.

Likabaki yai moja lenye sauti. Tundu lake lilikuwa upande usiofaa, kwenye ncha nyembamba, mbali na nafasi ya hewa. Huyo hata maji yangekuwepo tangu mwanzo angepata taabu. Nililitoa nikalishika kwa kitambaa chenye uvuguvugu, nikalowesha utando, nikalielekeza kwenye mwanga wa mlango nikaangalia ndani. Nyuma ya mdomo niliona ngozi tupu, ya waridi, yenye mikunjo.

Sikutaka kumwambia. Lakini alikuwa ameshachungulia begani kwangu. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sasa?" akanong'ona.

Mishipa bado ilikuwepo. Mwekundu mmoja mnene unapita karibu kabisa na tundu. Na mdomo unatafuna, taratibu. "Bado." Nikalirudisha, nikafunga.

Tukakaa. Sijawahi kusubiri hivyo, hata uchungu wa wanangu haukuniweka hivyo. Kila alipolia niliogopa anachoka, na kila aliponyamaza niliogopa amekufa. Nikamtoa tena. "Sasa?" Mishipa imefifia, ila ipo. "Bado." Mama Zuhura hakubisha safari hii. Alilitazama yai mpaka nilipofunga, macho hayapepesi, anajifunza. Nikasikia anajisemea chini chini: mishipa, mdomo, mishipa, mdomo.

Mara ya tatu nilipomtoa alikuwa amenyamaza. Nikalowesha utando nikalielekeza mlangoni penye mwanga, na sikuona kitu. Nasema ukweli wangu. Jasho lilikuwa limeniingia machoni, nikadhani naona wekundu kisha nikadhani sioni. Miaka yote ile ya kazi, na sikuweza kusema sasa wala bado. Nilichokiona wazi ni uzi wa damu kwenye kidole cha yule msichana, na kiini kinaning'inia.

"Nipe," akasema Mama Zuhura.

"Mama Zuhura, kama bado..."

"Mishipa haipo. Utando mweupe wote. Hatafuni tena." Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, ya mkato, kama siku zote. "Sasa."

Akalichukua yai mkononi mwangu. Nikafumba macho, mimi fundi wa vifaranga, nikayafumba kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano. Nikasikia kucha yake ikivunja ganda, kipande. Kipande kingine. Nikasubiri aseme "damu." Kipande. Hakusema kitu. Nikasikia pumzi yake tu, na maji yanadondoka kutoka kwenye kanga ya mlangoni, na kisha kilio, chembamba, kikali, cha hasira, cha kiumbe aliyeudhiwa kwa kukawizwa.

Nikafumbua. Alikuwa amelala kwenye kiganja chake, amelowa, miguu imejinyoosha, kitovu kimefunga kikavu, na shingo tupu kabisa. Mama Zuhura alikuwa analia bila kuyafuta machozi.

"Mama Neema," akasema, "nenda kaniitie Zuhura."